Maswali na Majibu: Lushoto na kazi za milimani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za Lushoto, wilaya ya milima ya Usambara mkoani Tanga. Nianze na fupi.

Ramani ya zamani inaiita Lushoto "Wilhelmstal". Kwa nini?

Wajerumani waliupa mji wao jina la Kaisari wao, Wilhelm: Bonde la Wilhelm. Makao ya Washambaa wenyewe yalikuwa Vuga, kwa Wakilindi, ukoo wa watawala, uzao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu. Kimweri ye Nyumbai alitawala huko mpaka alipofariki mwaka 1862. Baada yake ndugu waligombania kiti, mwanawe Semboja akakaa Mazinde, kando ya njia ya misafara, na watu wengi wakauzwa utumwani.

Wazee wa Shume husema magogo yalikuwa yakishuka mlima kwa waya. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitandika waya kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, bondeni, reli inakopita. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Bila reli, mti wa Shume ungebaki Shume. Waliufuata mwangati, mti wenye mbao nyekundu. Ukipata kipande cha zamani, kikwangue kwa ukucha: bado kinanukia.

Na kahawa ya Wajerumani iliishia wapi?

Waliipanda sana Usambara ya Mashariki miaka ya 1890, ikawashinda. Fedha ikahamia mkonge tambarare. Miche ya kwanza aliileta Mjerumani mmoja, Hindorf, mtaalamu wa kilimo, mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu.

Bibi yangu wa Mlalo akisikia neno "matuta" hukunja uso. Waliwafanya nini?

Swali hili ndilo lililonigusa. Baada ya vita ya pili, Waingereza waliona udongo wa miteremko unachukuliwa na mvua. Walianza Mlalo mwaka 1946, kisha wakaeneza amri sehemu nyingine za Usambara: kila kaya ichimbe matuta ya kukinga maji shambani. Asiyechimba alishtakiwa, akatozwa faini. Jembe lilimwangukia mwanamke zaidi, maana ndiye aliyekuwa na shamba la chakula, na shamba lenyewe dogo. Tena watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa.

Kwa Washambaa, kiongozi hupimwa kwa jambo moja: anaiponya nchi, *kuzifya shi*, au anaiharibu, *kubana shi*. Machifu waliosimamia matuta walionekana wanabana. Watu waligoma, na mwaka 1957 mpango ukaachwa.

Mimi nasema bibi yako alikuwa na haki. Udongo ulikuwa unaondoka kweli, lakini hakuna aliyemuuliza yeye aliyelima mteremko ule miaka yote. Miaka ya 1980 walipokuja wataalamu wengine na mistari ya majani ya malisho, wakulima wengi walikubali kuipanda. Majani yale yalishika udongo, na jioni yalikatwa yakaliwa na ng'ombe wa bandani.

Nanunua karoti za Lushoto Kariakoo. Mkulima anabaki na nini?

Anabaki na kidogo. Karoti hung'olewa, zikapelekwa mtoni, vijana wakazikanyagakanyaga majini mpaka zing'ae. Kisha zinajazwa kwenye gunia, na hapo ndipo penye kidonda: rumbesa. Gunia likijaa, juu yake hushonewa kilemba kingine, na mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Lakini mkulima ana mzigo unaonyauka, lori limewashwa, na barabara ya kuteremka Mombo ni ndefu. Huuza. Kila gunia la namna hiyo unaloliona sokoni, sehemu ya juu ya kamba ni jasho ambalo halikulipwa.