Maswali ya Wasomaji: Bati Lililoliwa na Chumvi ya Bahari

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Nyumba yangu ilipauliwa mwaka 1998 kwa bati za kawaida za migongo midogo. Tangu masika yaliyopita chumba cha kulala kinavuja sehemu tatu, na ncha za bati upande wa baraza zimeliwa na kutu kiasi kwamba ukizigusa zinamegeka. Fundi aliyekuja kutazama ameniambia nizibe matundu kwa lami, kisha nipake rangi. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam anataka tuezue paa lote na kuweka bati za msauzi. Shemeji yangu naye anasema kwa joto la huku ni afadhali nirudi kwenye makuti, kama ilivyokuwa nyumba ya wazazi wetu. Ninayo akiba ya kiinua mgongo, lakini si ya kuchezea. Nifuate lipi?

Mwalimu mstaafu, Mikindani

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Washauri wako wote watatu wameanza na kile kinachoonekana juu. Nakuomba tuanze chini yake, kwenye mbao, kwa sababu bati jipya lililopigiliwa kwenye papi iliyooza (papi ni ule ubao unaoshikilia bati) litang'oka na upepo wa kwanza, na fedha yako itakuwa imekwenda nalo.

Mwambie fundi apande darini mchana wa jua kali. Gizani mle kila tundu litajionyesha kwa nukta ya mwanga, naye aweke alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Kisha achukue bisibisi na kuichomeka kwenye papi, kwenye kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa), na hasa kwenye mtambaapanya, yaani ule ubao unaolala juu ya ukuta na kubeba kenchi zote. Ncha ikigota, mbao ni nzima. Ikizama kama inavyozama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao hiyo haina kazi tena, hata kama kwa nje inapendeza. Aangalie pia vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda ukutani, kwa maana mchwa hula ubao kutoka ndani na kuacha ganda tu.

Baada ya hapo ndipo mrudi kwenye bati. Sugueni sehemu yenye kutu kwa brashi ya waya. Chuma kikitokea kinang'aa, bati hilo linaweza kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likakaushwa, likapakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu na kisha rangi ya paa. Kutu ikibanduka kwa maganda, au brashi ikitoboa, msipoteze rangi. Kwa maelezo yako, upande wa baraza umekwisha kufika huko, na nitakueleza kwa nini umetangulia. Hewa ya bahari hutua chumvi juu na chini ya bati. Mvua huosha chumvi ya juu, lakini ile iliyoshika chini ya ukingo wa paa haioshwi na chochote, ikawa inakula chuma mwaka baada ya mwaka. Rangi inayopakwa kwa juu haiwezi kuponya ugonjwa ulio upande wa chini.

Kuhusu lami siwezi kukuficha: siipendi. Jua huikausha ikapasuka, maji yakaingia chini yake na kutulia humo, na bati likaendelea kuoza pasipo mtu kuona. Kama kuna tundu moja au mawili kwenye bati ambalo bado ni zima, kiraka cha bati ni bora, mradi ncha yake ya juu iingizwe chini ya bati lililo juu yake, ili maji yanayoteremka yapite juu ya kiraka na siyo nyuma yake.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: upande wa baraza ubadilishwe wote, pamoja na kila papi iliyozamisha bisibisi. Upande wa pili uamuliwe na brashi. Ukikutwa mzima, uachwe na kupakwa rangi, na bati mpya ziwe za migongo ileile. Nenda dukani na kipande cha bati la zamani mkononi, kwa kuwa migongo isipolingana hata kidogo, maungio ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yatabaki wazi. Lakini ikiwa zaidi ya theluthi moja ya upande huo nao inatoboka, mwanao atakuwa na haki: ezueni lote kwa mara moja, kwani kumlipa fundi mara mbili kutakula akiba kuliko bati zenyewe.

Hata hivyo, msauzi ni umbo tu. Umbo halizuii kutu. Kinachozuia kutu ni mpako, na kwa nyumba iliyo karibu hivyo na bahari ningechagua bati lenye mpako wa mchanganyiko wa alumini na zinki badala ya zinki peke yake. Kisha uliza geji, yaani kipimo cha unene wa bati, ukikumbuka kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa geji 32 kwa bei ya 30, nikagundua siku fundi alipokanyaga bati la kwanza likabonyea. Tangu siku hiyo nadai unene kwa milimita uandikwe kwenye risiti. Mwambie fundi pia akate kwa mkasi wa bati, siyo kwa mashine ya kusaga, kwa sababu cheche za mashine huunguza mpako na kuacha vumbi la chuma linaloshika kutu mapema.

Makuti nayaheshimu, na kwa ubaridi shemeji yako amesema kweli. Ila paa la makuti linahitaji mwinuko mkali ili maji yateremke haraka, wakati kenchi zako zilijengwa kwa mwinuko mdogo wa bati. Ukiweka makuti juu yake, maji yatakaa na makuti yataoza. Utalazimika kujenga kenchi upya, na bado utayabadilisha makuti kila baada ya miaka michache. Joto unaweza kulipunguza kwa bati la rangi nyeupe, dari, na matundu ya hewa chini ya kofia.

Jambo la mwisho ni upepo. Kimbunga Kenneth kilituelekea mwishoni mwa Aprili 2019 kabla ya kutua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, siku ambazo wengi hudhani masika yamekwisha. Upepo hulivuta paa kwenda juu, na huanzia kwenye kingo, pembe na kofia. Hapo misumari iwe ya karibu zaidi, yenye kofia na raba, ikipigwa juu ya mgongo wa bati na siyo bondeni. Kila kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa bamba la chuma linaloshuka hadi kwenye linta (boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha), maana msumari peke yake hautoshi. Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba, asubuhi kabla kusi haijashika, na mwezue upande mmoja kwa wakati.

SWALI: Upepo umeondoa bati saba za nyumba yangu. Huku kwetu maji ni ya shida na ninategemea ya mvua kutoka kwenye paa. Nitumie nini nisije nikaharibu maji?

Mkulima wa korosho, Newala

JIBU: Ndugu yangu, usiokote zile zilizokunjika na kuzinyoosha. Pale zilipokunjika mpako umepasuka na kutu itaanzia hapo. Tumia bati mpya, usizibe chochote kwa lami wala kupaka rangi yenye risasi, na kama una vipande vya zamani vya asbesto usivikate wala kuvivunja, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja, hivyo paa la mita 60 za mraba kwa mvua ya milimita 20 linaweza kukupa karibu lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaache yamwagike nje, yaondoe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo urudishe bomba kwenye simtenki. Na kabla ya kununua hizo bati saba, pitisha bisibisi kwenye papi zilizobaki wazi, kwa sababu huenda upepo haukuzing'oa bati kwa nguvu zake peke yake.