Ukihisi Muwasho Kwenye Maji ya Tangi, Toa Mkono Kwanza

Nilikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye kidole cha shahada. Kila nilipofuta mwani kwenye kioo cha tangi langu la samaki wa baharini, hapa nyumbani Tudor, Mombasa, kidole kiliwasha palepale penye mkwaruzo kama kidonda kilichoguswa na ndimu. Nikadhani ni chumvi. Nilidhani hivyo wiki nzima, hadi siku nilipovaa ndara na muwasho ukapotea. Nikavua, nikasimama peku kwenye vigae vilivyolowa, ukarudi. Hapo nikaogopa kikweli.

Ilikuwa stima. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba kwa mbali sana. Ngozi kavu humkinga mtu kiasi. Iliyolowa na kuchanika haimkingi.

Fundi aliyekuja, mzee wa makamo, alichukua mita ya kupimia stima, akaweka waya wake mmoja kwenye athi ya soketi, yaani tundu la kupeleka umeme ardhini, na mwingine majini. Volti 118. Tukachomoa kifaa kimoja kimoja. Pampu ilishusha kidogo, taa kidogo. Hizo ndogo zisikutishe, kwani pampu za sumaku na taa huleta volti kidogo majini hata zikiwa nzima. Tulipochomoa hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, mita ikaanguka hadi 9. Tukaitoa. Karibu na kofia yake ya mpira palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya kioo tone la maji limekaa juu ya waya ulioota kutu ya kijani.

"Mwanangu, hita ya nini Mombasa?" akaniuliza. Tangu siku hiyo sijaweka hita, na maji yangu hayajashuka chini ya nyuzi 24, hata Julai. Shida yetu huku ni joto. Feni ndogo juu ya maji hunitosha.

Sasa niseme jambo ambalo wafugaji wengi hulikosea. Utaambiwa utumbukize kijiti cha athi majini na umemaliza. La! Kijiti peke yake kinaweza kukuua. Maji yakishaunganishwa na ardhi, ukigusa taa yenye hitilafu huku mkono mwingine umo majini, umeme utapita kifuani mwako. Anza na swichi inayokata stima inapovuja, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30. Usitegemee fyuzi ya plagi: ile ya ampia 13 inaruhusu zaidi ya mara 400 ya kiwango hicho, na imewekwa kulinda waya, si mtu. RCD ikishafungwa, kijiti ni msaada mzuri, maana umeme ukivuja tu swichi inaruka kabla hujagusa kitu.

Mwombe fundi apime pia kama athi ya soketi yako inafika ardhini kweli. Nyumba za zamani nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Na tafadhali, ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu hilo ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache. Nunua adapta.

Tangi lipewe RCD yake, mbali na friji. Friji ikirusha swichi na kuzima pampu usiku, samaki watakosa hewa kabla hujaamka. Mimi nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikipotea.

Chumvi nayo hutembea. Maji yanayorukaruka hukauka juu ya waya, yanaacha ukoko mweupe, na unyevu wa pwani unaulowesha tena. Polepole ukoko unafuata waya hadi kwenye plagi. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, plagi ikiwa imechomolewa. Acha kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni. Ekstensheni usiilaze chini ya tangi. Ipigilie ukutani, pembeni.

Kabla ya kutia mkono sasa nachomoa vyote na kuvaa ndara. Kila mwanzo wa mwezi nabonyeza kitufe cha kujaribu RCD. Swichi isiporuka, mkono hauingii majini mpaka fundi aje.