Kipimo kikisema huna malaria, na homa ikarudi

Juzi dada mmoja wa Kaliua kaniandikia: "Nimepimwa malaria mara tatu, hakuna. Nikaambiwa taifodi, dozi nimemaliza, homa imerudi." Mikono ilinitetemeka. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2019.

Mwaka ule nilikwenda Sikonge kulima tumbaku. Wewe unayenisoma unaijua hamu ya kuwa na shamba lako mwenyewe. Nililala kwa shangazi, nyumba ya udongo, mkeka chini. Kama wiki hivi, homa ikanipanda, kichwa kinapasuka, natapika. Zahanati wakanitoboa kidole, kipimo kikatoa mstari mmoja, yaani hakuna malaria. Siku ya tatu jasho likanimwagika, homa ikakata, nikarudi shambani. Wiki iliyofuata ikarudi. Nilimwambia tabibu mara mbili kwamba nalala chini kwenye nyumba ya udongo, hakuandika. Homa ya tatu ilinikuta na mimba ya miezi sita, ikaharibika. Hilo halijaniisha moyoni.

Shangazi ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, hii si papasi?" Akafunua mkeka, akachokoa ufa wa sakafu kwa njiti, kikatoka kidudu bapa, rangi ya vumbi: ndiye papasi, kupe wa nyufa za nyumba ya udongo, ambaye akiuma huweza kukuambukiza vijidudu vya homa inayorudirudi. Huuma usiku, hushiba haraka na kurudi ufani, ndiyo maana humwoni.

Tukaenda Tabora mjini homa ikiwa imepanda. Mtaalamu wa maabara akapaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akaniita nichungulie kwenye darubini: nyuzi za zambarau zilizojisokota, ndivyo vijidudu vya homa ya papasi. Nililia palepale.

Ndugu zangu, kile kipimo cha haraka hutafuta malaria tu. Vijidudu vya homa ya papasi hakivioni. Damu itolewe homa ikiwa juu, maana ikishuka vijidudu hupungua mno, hata darubini inaweza isivione. Ombeni darubini. Semeni mmelala wapi, msione aibu ya nyumba ya udongo. Kipimo cha taifodi cha damu nacho kinaweza kusoma kinga ya zamani, kwa hiyo msitulie nacho. Dawa zipo, doksisaiklini ni mojawapo, ila mjamzito hupewa nyingine, kama erithromaisini. Na dozi ya kwanza inaweza kukutetemesha vikali, kwa hiyo imezwe mbele ya mhudumu. Narudia: homa ikiwa juu, darubini!

Yule dada nimemwambia haya yote. Akanijibu kwamba ana mimba ya miezi minne. Leo nimempigia mara mbili, hapokei.