Maswali yenu: majalada ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki

Kwa nini Wajerumani hawakuyachoma majalada ya Stasi, mambo yakaisha? (Msomaji, Tanga)

Walioanza kuyachoma na kuyachana, mwishoni mwa 1989 utawala wa kikomunisti ulipokuwa ukianguka, ni maofisa wa Stasi wenyewe. Raia ndio waliowazuia. Desemba 4 wakazi wa Erfurt waliingia katika ofisi ya mji wao. Januari 15, 1990, umati ukaingia makao makuu, Berlin. Kilomita zipatazo 111 za makaratasi zikapona, pamoja na magunia zaidi ya 15,000 ya vipande. Wenye haki nayo ni walioandikwa humo, na tangu Januari 1992 kila mtu anaweza kuomba kusoma lake.

Kumjua jirani aliyekuchongea si kuchochea kisasi? (Msomaji, Nakuru)

Hata wanasiasa wa Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani wakati huo, walikuwa na hofu hiyo, lakini umwagaji damu walioutabiri haukutokea. Maumivu yalikuwepo, tena makali. Vera Lengsfeld, mwanaharakati aliyekuja kuwa mbunge, alithibitisha kwamba mtoa habari aliyeitwa "Donald" katika jalada lake alikuwa mume wake. Wakaachana. Kuna wanaosema heri asingejua. Sikubaliani nao hata kidogo: serikali ilijua siri ya nyumba yake miaka yote, iweje yeye mwenyewe anyimwe?

Wakubwa walifungwa? (Msomaji, Mwanza)

Wachache. Kesi ya Honecker, aliyekuwa kiongozi wa Ujerumani Mashariki, ilifutwa Januari 1993 kwa sababu ya ugonjwa, akaenda Chile. Krenz, aliyemrithi, alipewa miaka 6 na nusu jela kwa vifo vya waliouawa wakijaribu kuvuka mpaka. Mielke, aliyeiongoza Stasi kwa zaidi ya miaka 30, alihukumiwa 1993 kwa kuua polisi wawili mwaka 1931, si kwa maovu ya Stasi! Kwa waliopitia magereza yake, hilo ni jeraha bichi.

Mbona wapo wanaoikumbuka enzi ile kwa hamu? (Msomaji, Mombasa)

Wengi wao hawaililii Stasi. Wanakumbuka ajira ya uhakika, chekechea, kodi nafuu ya nyumba. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, viwanda viliuzwa au kufungwa, na watu kwa mamilioni wakakosa kazi. Msiwabeze. Mtu anaweza kukikumbuka kiwanda chake na bado akawachukia waliomfungulia barua.

Je, habari za Zanzibar zimo? (Msomaji, Unguja)

Swali zuri, maana Ujerumani Mashariki ilijenga nyumba Kikwajuni na kuleta washauri wa usalama. Watafiti wanaweza kuomba. Tangu 2021 majalada yako chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho. Ila majalada mengi ya ujasusi wa nje yaliharibiwa 1990.