Shemeji, chuo cha bure kipo, ila tuanzie kwenye hesabu

Shemeji, swali lako nimelisoma, na nalijibu humu humu kwenye grupu la ukoo kwa sababu najua si wewe peke yako unayelitaka jibu. Uliuliza hivi: kwa kuwa ombi letu la viza hatimaye limefika ubalozini na mpwa wangu yuko Form Two, je, ni kweli kwamba hapa Minnesota mtoto wa sekondari anasoma chuo bila kulipa? Na kama ni kweli, mbona watoto wengi wa Wabongo unaowasikia wanamaliza sekondari mikono mitupu?

Ni kweli. Utaratibu wenyewe unaitwa PSEO (Postsecondary Enrollment Options). Ulianza mwaka 1985, enzi za gavana Rudy Perpich, na Minnesota ndiyo iliyotangulia majimbo mengine. Mwanafunzi wa gredi ya 11 au 12, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, akikubaliwa na chuo anakwenda kusoma huko, karo na vitabu juu ya serikali ya jimbo, na somo lilelile linahesabiwa mara mbili, sekondari na chuoni. Akisoma hivyo miaka yote miwili anaweza kufikisha krediti 60 (pointi za kozi alizofaulu), yaani shahada ile ndogo ya miaka miwili ambayo nyumbani mngeiweka karibu na diploma. Hata wa gredi ya 10 ana kamlango kake: anaanza na kozi moja ya ufundi au ya kazi, na akipata C au zaidi anaruhusiwa kuongeza. Hapa Brooklyn Park chuo cha North Hennepin kipo mjini kwetu na kinapokea watoto wa namna hiyo.

Sasa hilo la mikono mitupu. Sisi wazazi tumezoea shule inayopanga kila kitu. Pale Morogoro mtoto anapewa ratiba, anavaa sare, anasubiri NECTA. Huku masomo ya mwaka ujao yanachaguliwa mapema, mara nyingi katikati ya baridi, kwenye fomu inayopita mtandaoni wakati mama yuko zamu ya usiku kwa wazee na baba anabeba maboksi ghalani. Mshauri wa wanafunzi ana mamia ya watoto. Hatakupigia. Mtoto wa Kimarekani ambaye dada yake alishapita njia hiyo anajua cha kubonyeza, wa kwetu anabonyeza alichobonyeza rafiki yake. Shule ina wajibu wa kuwatangazia wanafunzi habari za PSEO, na inatangaza kweli, kwa barua pepe moja katikati ya nyingine hamsini za chakula cha mchana na mechi za mpira.

Lakini PSEO ni hadithi ya gredi ya 11. Ya mpwa wangu inaanza siku ya kwanza atakayokanyaga shule, na inaanza na hesabu.

Nyumbani mnasoma Basic Mathematics, kila kitu ndani ya chungu kimoja. Huku wameikata vipande na kila kipande ni mwaka mzima: Algebra ya kwanza, Jiometri, Algebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe. Huwezi kuruka kipande bila mtu kukuidhinisha. Mtoto wa miaka 16 anayefika na ripoti isiyoeleweka, mara nyingi wanaona salama kumrudisha Algebra ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe: akianza hapo gredi ya 10, gredi ya 12 yuko Algebra ya pili. Atamaliza, cheti atapata, maana Minnesota inadai krediti 21.5 za sekondari na hesabu ya kiwango hicho inatosha. Ila uhandisi aliokuwa anauota atauanza chuoni akiwa nyuma ya wenzake, na kozi za kuwafikia wenzake atazisoma akiwa mtu mzima. Kwa hiyo aombe jaribio la kupima kiwango chake kabla ratiba haijafungwa, na ukiambiwa ngoja muhula ujao, kaa kwenye kiti mpaka uonane na mwalimu wa hesabu. Kwa heshima, lakini kaa.

Kiingereza vilevile. Siku ya kumwandikisha mtaulizwa mtoto alianza kuongea lugha gani. Semeni Kiswahili, msidanganye. Atapimwa, na huenda akawekwa kwenye vipindi vya wanaojifunza Kiingereza. Msaada huo ni haki yake kisheria, na kwa aliyesoma Form One na Two kwa Kiingereza chetu kile cha kukariri, una faida. Tatizo ni kwamba vipindi hivyo vinakula nafasi kwenye ratiba, na mtoto mpole anaweza kuachwa humo muda mrefu kuliko anavyohitaji. Kila mwaka wanapimwa upya. Ulizia matokeo.

Haya, tuseme yote yamekwenda vizuri na amefika gredi ya 11. Je, aende PSEO muda wote, kama vijana unaowaona Instagram wamevaa majoho mawili, la sekondari na la chuo? Kama angekuwa wangu ningesema hapana, aanze na kozi moja au mbili. Alama ya chuo haifutiki. Akipata F akiwa na miaka 16 kwa sababu theluji ilimchelewesha au kwa sababu profesa hakumbushi kazi ya nyumbani mara mbili, ile F itakuwa bado ipo siku anaomba unesi akiwa na miaka 20. Na akianza kuomba msaada wa serikali wa karo, kozi alizofeli na alizoacha katikati zinahesabiwa kupima kama anaendelea vizuri. Nimeona vijana wazuri kabisa wanaingia mwaka wa kwanza wa chuo wakiwa tayari kwenye onyo.

Na hili nalisema polepole kwa sababu litakuudhi: chuo hakitakuonyesha matokeo yake. Sheria ya Marekani ya kumbukumbu za wanafunzi inasema mtu akishaingia chuo, hata akiwa na miaka 16, haki ya kuamua nani aone rekodi zake za chuo ni yake. Wewe baba yake, unayempeleka kwa gari lako na kumlisha, utahitaji saini yake. Mzee mmoja wa Kikenya hapa alikwenda mapokezi ya chuo na pasipoti ya mtoto mkononi, wakamkatalia kwa tabasamu. Mlizungumze na binti kabla hajajiandikisha.

Njia ya pili ni kozi za AP (Advanced Placement), yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, na kwa mtoto aliyekuzwa na NECTA mimi naipenda zaidi. Anabaki shuleni kwake, na walimu wake, na basi la njano. Mwezi wa tano anafanya mtihani mmoja wa taifa unaosahihishwa mbali, kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vya mfumo wa Minnesota State vinatoa krediti kuanzia 3. Vyuo vingi vyenye ushindani mkali vinataka 4 au 5, na vingine havitoi kitu. Akipata 2 anajipangusa na kuendelea, wala halazimiki kuituma alama hiyo chuo chochote. Mtihani ni takriban dola 100, wa kipato kidogo wanapunguziwa, ila kujisajili ni Novemba, si Mei. Hapo ndipo wengi wetu tunapitwa.

Suala la kuokoa fedha, ambalo ndilo lililokuchangamsha, limebadilika. Tangu vuli ya 2024 Minnesota ina mpango wa North Star Promise: familia ya wakazi yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, mtoto hasomi kwa karo kwenye vyuo vya umma vya jimbo. Miaka ya mwanzo nanyi mtakuwa chini ya hapo, niamini, sote tulianzia hapo. Mkishatambuliwa kuwa wakazi, ile miaka miwili mnayotaka kuiwahi pengine ingekuwa bila karo hata akiisoma kwa wakati wake. Kinachookolewa ni muda. Kwa binti atakayekuwa anajifunza baridi, lugha na upweke kwa mpigo, sijui haraka hiyo ni ya nini. Na krediti zenyewe zinatambulika vizuri ndani ya vyuo vya umma vya hapa. Akitaka chuo binafsi au jimbo jingine, wanaweza kumwambia hizi tumezipokea, lakini kama masomo ya kujazia.

Kuna krediti moja ambayo watoto wetu wanaiacha mezani. Jimbo linatambua umahiri wa lugha ya nyumbani, na Kiswahili kimo kwenye lugha zinazopimwa. Akifaulu kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, anapewa cheti au muhuri unaobadilishwa kuwa mihula miwili hadi minne ya lugha kwenye vyuo vya Minnesota State, ila lazima aidai mwenyewe. Binti yako ataupata bila jasho. Watoto wangu waliozaliwa hapa, wanaomjibu bibi yao kwa "yeah", ndio watakaotoka jasho.

Kuhusu kama amalize kwanza Form Four: msisubiri. Shule ya umma hapa ni bure mpaka miaka 21 kwa ambaye hajahitimu sekondari, na PSEO ni ya asiyehitimu. Kila mwaka anaochelewa ni mwaka mmoja umepungua kwenye hiyo ngazi ya hesabu.

Dada, wewe ndiye mtunza karatasi, basi hili ni lako. Ripoti zote za Form One na Two, zenye muhuri wa shule, pamoja na orodha ya mada za hesabu alizofundishwa, mwalimu aandike kwa Kiingereza na kusaini. Nitumieni picha za kila ukurasa wiki hii, hata ule wa fizikia. Na tarehe ya kuijulisha shule kuhusu PSEO ya mwaka unaofuata ni Mei 30. Mimi ninayo kwenye simu, uweke na wewe.