Siku hizi Kalemie ni ya nani? Majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Mama wa vitenge, Kibirizi: Nafuata mzigo Kalemie, ng'ambo ya ziwa, narudi na risiti tatu, kila moja na muhuri wake. Zamani tulisema tunakwenda Katanga. Ile ni nchi mpya?

Hapana mama, ni Kongo ileile. Katiba ya 2006 iliagiza majimbo 11 yawe 26, Kinshasa ikiwemo, ila mgawanyo ukatekelezwa 2015. Katanga ikakatwa vipande vinne. Cha huku ziwani ndicho Jimbo la Tanganyika, makao makuu Kalemie. Lina gavana, lina bunge lake, na lina ushuru wake. Tazama hiyo mihuri vizuri, huenda mmoja ni wa jimbo.

Mwalimu, Kasulu: Kugawa majimbo si kugawa watu kwa makabila? Katanga ilishawahi kujitenga.

Ilijitenga, mwalimu. Kiongozi wake, Moïse Tshombe, aliitangaza huru 11 Julai 1960, ikarudishwa Januari 1963. Kwa hofu hiyohiyo, Katiba ya 2006 inalikwepa hata neno shirikisho.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Ukichora mpaka ili kabila moja lipumue, ndani yake utalikuta jingine dogo limebanwa. Hapo ng'ambo tu, Waluba na Watwa walianza kuuana 2013, na 2016 moto ukawaka upya, jimbo likiwa limeshazaliwa. Watwa walikuwa wakilalamika kwamba wananyimwa ardhi na kutumikishwa kwenye mashamba ya wenzao. Tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtwa angekujibu kuwa hata ya karibu inategemea nani kaishika. Kwa hiyo nakubali madaraka yashuke, ila wachache wawe na viti vyao, na mahakama ya kuwasikiliza isimtegemee gavana.

Kijana, Mwanga: Na pesa je?

Hapo ndipo penye utamu na uchungu. Kifungu cha 175 cha katiba ya Kongo kinasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, zikatwe palepale kwenye chanzo. Kinachotendeka, Kinshasa inakusanya kwanza, halafu inagawa kidogo na kwa kuchelewa. Tena tangu marekebisho ya 2011, rais anaweza kumwondoa gavana jimbo likiingia kwenye mgogoro mkubwa. Kenya waliahidi kidogo, angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kaunti 47, na huko nako magavana hawaishi kulia kucheleweshewa.

Msomaji, Ujiji: Burundi mbona hawakupita njia hiyo ya kugawa majimbo?

Wahutu na Watutsi wanaishi kilima kimoja. Utampa nani mkoa gani? Makubaliano ya Arusha ya 28 Agosti 2000, na katiba ya 2005 iliyoyafuata, yaligawa vyeo vya juu: Wahutu 60 kwa Watutsi 40 serikalini na bungeni, nusu kwa nusu kwenye seneti na jeshini.

Kijana yuleyule wa Mwanga: Nasi lini tutamchagua mkuu wa mkoa?

Kwa katiba tuliyonayo anateuliwa na rais. Ila diwani unamchagua mwenyewe. Wa kata yako anaitwa nani?