Fuata Safari ya Oda: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Teknolojia Katika Migahawa

Mtu anayeingia leo katika kazi ya mgahawa, awe mhudumu, keshia, mpishi au fundi wa mifumo, hukuta tableti kaunta, skrini jikoni, msimbo wa QR juu ya kila meza, na meneja anayezungumzia akili unde (AI) kana kwamba inaripoti kazini kesho asubuhi. Mimi nilianza kwa kubeba sahani, nikahamia kwenye kaunta ya malipo, kisha nikakabidhiwa mifumo yote ya kompyuta ya mgahawa. Katika miaka hiyo nimeona vifaa vya gharama kubwa vikirudishwa stoo baada ya miezi mitatu, na vifaa vya kawaida kabisa vikirahisisha kazi kiasi kwamba hakuna mfanyakazi aliyekubali kurudi nyuma. Kila mara kilichoamua ni iwapo aliyekileta kifaa alijua jinsi oda inavyosafiri ndani ya mgahawa ule.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mashine yoyote, simama mahali ambapo humzibii mtu njia, chagua oda moja, uifuate tangu mteja anapoitamka hadi fedha yake inapoingia katika hesabu za siku. Angalia inaandikwa wapi, inasomwa na nani, inasubiri wapi, na ni mara ngapi mtu analazimika kuuliza jambo ambalo mwenzake alikwisha kulijua. Fanya hivyo saa ya wateja wengi na saa ya wateja wachache. Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza, nikiwa na saa mkononi na karatasi mfukoni, niliona kwamba chakula kilipikwa kwa dakika tisa lakini kikakaa dakika sita nyingine kwenye dirisha la jiko, kikimngojea mhudumu ambaye hakuwa na namna ya kujua kuwa kiko tayari. Wakati huo uongozi ulikuwa ukijadili kununua tanuri lenye kasi zaidi, ilhali ujumbe mmoja kwenye kifaa cha mhudumu ungetosha kuziokoa dakika zile sita.

Ukiitazama historia ya vifaa vyetu, utaona kwamba vile vilivyodumu vilizaliwa kutokana na shida iliyojulikana. Mashine ya kwanza ya keshia ilipewa hataza mwaka 1879 kwa jina la James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton huko Marekani, aliyechoka kuona mapato yakipungua mikononi mwa wafanyakazi wake. Wazo alilipata alipokuwa safarini melini, alipoona kifaa kilichohesabu mizunguko ya rafadha, yaani panga linaloisukuma meli. Oda za kugusa kwenye skrini ya rangi zilionyeshwa hadharani mwaka 1986 na Gene Mosher, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa migahawa. Msimbo wa QR nao ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso ya Japani ili kufuatilia vipuri vya magari, na ulifika mezani miaka mingi baadaye. Muuzaji anapokuonyesha kifaa kipya, mwombe akueleze kinatatua shida ipi katika safari uliyoifuata wewe mwenyewe, na umsikilize kwa makini, kwa maana wapo wauzaji wanaoijua kazi yao vizuri.

Mabadiliko ambayo nayaona kuwa na manufaa ya hakika zaidi ni skrini za jikoni zinazopokea oda badala ya karatasi. Wengi wanaoanza kazi huzidharau kwa kuwa hazina mvuto, lakini mpishi anayeziona oda zote kwa mpangilio wa muda, zikibadilika rangi kadiri zinavyochelewa, hufanya kazi kwa utulivu ambao karatasi haiwezi kumpa. Hata hivyo, usikimbilie kuiondoa printa, ila iwe ya aina inayofaa jikoni. Katika jiko moja nililolihudumia waliweka printa ya karatasi za joto, aina ileile inayotoa risiti kwa wateja, karibu na majiko. Karatasi hizo huandikwa kwa joto bila wino. Kwa hiyo oda zilizobandikwa juu ya majiko zilianza kuwa za kijivu, kisha nyeusi kabisa, na wapishi wakabaki wakibahatisha maneno. Ndiyo maana majiko mengi bado hutumia printa za zamani za kugonga utepe wa wino, zenye kelele, ambazo maandishi yake hayaharibiwi na joto. Mafuta, mvuke, joto na mikono iliyolowa ni sehemu ya mazingira ya kazi, na kifaa kisichovimudu vitu hivyo hakifai jikoni hata kiwe kizuri namna gani ofisini.

Jambo jingine ambalo anayeanza kazi huchelewa kulitambua ni kwamba kasi ikiongezeka mahali pamoja, foleni huhamia mahali pengine. Mwaka 2018 roboti ya kugeuza nyama iliyoitwa Flippy ilianza kazi katika mgahawa wa CaliBurger huko Pasadena, Marekani, ikapumzishwa baada ya siku moja tu, kwa sababu wateja waliofurika walikuwa wengi na wafanyakazi waliokuwa wakiandaa na kukusanya chakula pembeni yake walihitaji muda wa kujipanga upya. Nimeyaona hayohayo kwa kiwango kidogo mahali ambapo vibanda vya kujiagizia viliwekwa mlangoni: oda ziliingia kwa kasi maradufu, jiko likabaki lilelile, na wateja wakalalamika zaidi kuliko awali, kwa kuwa sasa walikuwa wamekwisha kulipa na wamesimama bila la kufanya. Ukipendekeza kifaa kinachoharakisha hatua moja, andika pia ni nani atakayepokea kazi itakayoongezeka katika hatua inayofuata.

Kuhusu menyu za msimbo wa QR nitasema machache. Zinafaa sana pale ambapo bei na vyakula hubadilika mara kwa mara, na humwezesha mteja kulipa bila kumngoja mhudumu. Lakini weka menyu za karatasi pia, kwa ajili ya mzee asiyeona vizuri herufi ndogo, mteja ambaye simu yake imezima, na yule ambaye hapendi kushika simu mezani. Kagua vibandiko vya meza kila siku, kwa sababu walaghai hubandika misimbo yao juu ya ile ya mgahawa ili kumpeleka mteja kwenye ukurasa wa malipo wa uongo.

Akili unde inahitaji uvumilivu zaidi. Kampuni ya McDonald's ilianza mwaka 2021 kujaribu, kwa kushirikiana na IBM, mfumo wa kupokea oda kwa sauti kwa wateja walio ndani ya magari, ukafikia migahawa zaidi ya 100, na mwaka 2024 ikauhitimisha ushirikiano huo. Kupokea oda kwa sauti ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa: kuna kelele za injini, lafudhi mbalimbali, watoto wanaodakia, na mteja anayebadili nia katikati ya sentensi. Mhudumu mzoefu huyatatua hayo bila hata kufahamu kwamba ameyatatua. Kwa maoni yangu, mahali ambapo akili unde inamsaidia anayeanza kazi mapema zaidi ni katika makadirio, yaani kukisia ni sahani ngapi zitauzwa kesho, ni malighafi kiasi gani itolewe kwenye jokofu la kugandishia leo usiku, na wafanyakazi wangapi wapangwe zamu.

Lakini makadirio hayo huwa sahihi kwa kadiri ya takwimu zinazoingizwa, na hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi zaidi katika mwaka wako wa kwanza. Mfumo wa stoo hufanya kazi kwa kulinganisha vitu viwili: kiasi ambacho kingetumika kwa mujibu wa vipimo vya mapishi na sahani zilizouzwa, na kiasi ambacho kimetoweka kweli stoo. Wakati mmoja mfumo wetu ulionyesha kwamba sahani 200 za aina moja, kila moja ikihitaji mililita 30 za mafuta, zingetumia lita 6, lakini stoo ilikuwa imepungukiwa na lita 8. Kwa siku tatu watu walitazamana kwa mashaka, na kijana mmoja wa stoo alikaribia kupewa barua ya onyo. Nilikwenda jikoni nikaomba upawa unaotumika kupimia, nikaujaza maji na kuyamimina katika chombo chenye alama. Ulibeba mililita 40. Upawa wa zamani ulikuwa umevunjika mpini, na mpishi akachukua mwingine uliofanana nao kwa macho. Mililita 10 za ziada mara 200 ni lita 2 kamili, yaani pengo lote lililokuwa likimtia mashakani kijana yule.

Mfumo ulikuwa umesema kweli: tofauti ipo. Chanzo chake ulikuwa hauna namna ya kukiona, na lau tungeuamini bila kushika upawa mkononi, tungemdhulumu mtu. Tangu siku hiyo huwa napima vijiko, pawa na vikombe vya jikoni kila mwezi, na nawasihi wote ninaowafundisha wafanye vivyo hivyo kabla ya kuisoma ripoti yoyote ya stoo.

Programu za kuagiza na kupelekewa chakula nazo hutaka hesabu ya makini. Kamisheni ya baadhi yake hufikia asilimia 30 ya thamani ya oda. Ikiwa malighafi inachukua 30 katika kila 100, na mshahara 30 nyingine, basi kinachobaki kwa kodi ya pango, umeme, vifungashio na faida ni 10 tu. Baadhi ya wamiliki wamefungua majiko yasiyo na ukumbi wa wateja ili kupunguza gharama za pango, na wengine wamefanikiwa, ila jiko la namna hiyo hutegemea programu hizo kabisa na halina mteja apitaye mlangoni. Uliza pia taarifa za mteja zinabaki kwa nani, na hakikisha oda za programu zote zinaingia katika mfumo mmoja. Nimewahi kuona kaunta yenye tableti nne zikilia kwa zamu, huku keshia akinakili oda moja moja kwa mkono, na chakula kilichokwisha jikoni kikiendelea kuuzwa kwenye tatu kati yake.

Mtandao utakatika, na utakatika usiku wenye wateja wengi. Tarehe 15 Machi 2024 migahawa ya McDonald's katika nchi kadhaa ilishindwa kupokea oda kwa saa kadhaa, na kampuni ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa mtoa huduma wa nje aliyekuwa akibadilisha mpangilio wa mfumo. Ikiwa shirika kubwa namna hiyo hufikwa na hayo, mgahawa wako uwe na vitabu vya oda vya karatasi, orodha ya bei iliyochapishwa, betri ya akiba ya kaunta, na wafanyakazi waliokwisha kufanya mazoezi ya kuvitumia. Fanya zoezi hilo mara moja kila miezi mitatu, saa ya wateja wachache, kwa kuzima mfumo makusudi. Jambo moja tu usiliruhusu hata siku ya dharura: kuandika namba ya kadi ya mteja kwenye karatasi. Na kila mfanyakazi awe na nywila yake mwenyewe, kwa maana nywila ya pamoja humfanya asiye na hatia ashindwe kujitetea.

Vihisi joto vya majokofu ni ununuzi ambao siku zote nauunga mkono. Chakula kinachoharibika upesi kinapaswa kukaa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, na kihisi kinachotuma taarifa saa nane usiku kinaweza kuokoa stoo nzima, mradi kimewekwa ndani kabisa ya jokofu na si karibu na mlango, ambako kitapiga kelele kila linapofunguliwa hadi watu wazoee kukipuuza.

Mwisho kuna suala la chakula kinachotupwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ya hizo zilitoka katika migahawa na huduma nyingine za chakula. Sasa ipo mizani yenye kamera inayowekwa juu ya pipa la taka, ambayo hutambua kilichotupwa na kukipima uzito, na ni teknolojia nzuri. Kabla ya kuinunua, tenga jioni tatu usimame karibu na wanaoosha vyombo, uwaulize ni nini hurudi kwenye sahani. Mahali pamoja nilipofanya kazi, mfumo uliiorodhesha sahani moja kubwa miongoni mwa zinazouzwa sana, na mama aliyekuwa akiosha vyombo akanieleza kwamba karibu nusu yake hurudi kila siku. Tulipunguza kipimo chake, tukaongeza sahani ndogo pembeni kwa anayeitaka, tukarekebisha mapishi kwenye mfumo siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata nikarudi kwake kumuuliza tena.